Mbegu za sukari na kolesteroli: tununue nini kwa pesa ya kasha letu?

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama, Baraka, teritware ya Fizi, na mfanyakazi wa shirika linalotusaidia katika mambo ya chakula na afya. Tumeyaandika kama yalivyosemwa. Tumepunguza tu salamu na maswali.

  

Komite iliniomba nizungumze juu ya mbegu, na sababu munaijua. Kuna ombi mezani: tutoe pesa katika kasha la kusaidiana, tununue uwatu na habasoda kwa magunia kutoka Kigoma, tupime katika mifuko midogo, tuwauzie wagonjwa wa sukari kwa bei ya chini, na faida irudi katika kasha. Waliotoa ombi hilo wana nia njema. Wanaona wenzao wanakwenda kituo cha afya na kurudi mikono mitupu kwa sababu vidonge vimekwisha, na wanasema afadhali tuwe na kitu kuliko kukosa kabisa.

Nimeulizwa: je, hizo mbegu zinafanya kazi? Nalitoa jibu langu sasa hivi ili nisiwazungushe. Zinafanya kazi kidogo, kama chakula. Kazi ya dawa haziwezi. Na kama kasha lina pesa ya kununua kitu kimoja tu, mimi naomba kitu hicho kiwe bandelete, vile vijiti vidogo vya kupimia sukari, kisiwe gunia la mbegu. Sasa munipe muda nieleze.

Kwanza, sidharau dawa ya miti. Wengi wetu tuliokulia Lugufu na Nyarugusu tulizijua mbegu hizi kule. Sokoni Kasulu na Kigoma uwatu unauzwa kama chumvi. Wamama wa Tanzania humpa mzazi uji wenye uwatu ili maziwa yaje. Mlonge tuliupanda kando ya nyumba za udongo. Tulipoanza kurudi kwa meli kutoka mwaka 2005, kuna watu walioshuka bandarini hapa na mbegu za mlonge zimefungwa katika kitambaa, na leo miti hiyo iko, wengine munaikata majani kila wiki. Hiyo ni mali tuliyorudi nayo, na mimi sitaki ipotee.

Tena, dawa ya sukari inayotumika kuliko zote duniani ukoo wake ni wa mmea. Metformini, kile kidonge cheupe munachopewa kituoni, historia yake inaanzia kwenye mmea wa Ulaya unaoitwa Galega officinalis. Watu wa zamani waliutumia kwa magonjwa mengi. Lakini ng'ombe na kondoo wakiula sana walikuwa wanakufa. Wataalamu wakatafuta kilichomo ndani, wakakuta kitu kinachoshusha sukari, ila ni sumu kwa kipimo kinachokaribiana sana na kile cha kuponya. Ikabidi watengeneze ndugu yake aliye mpole. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akaandika matokeo ya kuwapa wagonjwa metformini. Kwa hiyo mtu akikuambia "mmea unashusha sukari", usimcheke, inawezekana kabisa. Muulize tu: kiasi gani, kwa nani, na umepima?

Basi tuanze na kupima, kwa sababu bila namba tutabaki kubishana.

Mashini nyingi za hapa Kongo zinasoma miligramu kwa desilita. Asubuhi kabla ya kula, mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 70 na 100 hivi. Ikifika 126 au zaidi, na ukarudia siku nyingine ikawa hivyo tena, huo ni ugonjwa wa sukari. Mtu mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa usiku kucha na kukonda, ukimpima saa yoyote ukakuta 200 au zaidi, usingoje siku nyingine. Ikiwa chini ya 70, sukari imeshuka mno, na hiyo ni hatari ya upande wa pili ambayo nitairudia.

Angalieni jambo moja, hasa munaotumiwa mashini na ndugu walio nje. Mashini ya Kanada au Australia inasoma kwa kipimo kingine, milimoli kwa lita. Ile 126 yetu kwao ni 7. Uzidishe kwa 18. Niliwahi kuona mzee ana furaha kwa sababu mashini ya mwanawe imeandika 16. Alidhani sukari imekwisha mwilini. 16 mara 18 ni 288.

Sasa mbegu zenyewe.

Uwatu nitaukalia kidogo, kwa sababu ndio wenye ushahidi wa maana na ndio uko katika ombi. Ndani ya mbegu ya uwatu kuna nyuzi laini zinazovimba zikikutana na maji. Munajua ukiuloweka usiku, asubuhi maji yanakuwa mazito yanateleza. Tumboni unafanya hivyo hivyo: chakula kinatoka tumboni polepole, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Ute huo huo unanasa baadhi ya vitu ambavyo ini huvitengeneza kwa kolesteroli, mwili unavitupa nje, na ini linalazimika kuchukua kolesteroli iliyo kwenye damu ili litengeneze vingine. Hakuna uchawi.

Je, unashusha kwa kiasi gani? Mwaka 2014 watafiti walikusanya pamoja majaribio 10 yaliyofanywa kwa watu, mengi madogo. Kwa wastani, sukari ya asubuhi ilishuka kama 17 kwa kipimo chetu cha miligramu. Muiandike hiyo 17. Mtu aliye na 135 akishuka 17, anafika 118, na huyo amesaidika kweli. Lakini mtu aliye na 280 akishuka 17, anabaki na 263. Macho yake yanaendelea kuharibika, figo zinaendelea kuharibika, mguu unaendelea kufa ganzi, huku yeye anasema niko kwenye dawa. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mbegu yenyewe haina kosa.

Tena katika mengi ya majaribio hayo walitumia gramu 5 na kuendelea kila siku, mengine zaidi sana. Kijiko cha chai cha uwatu ni kama gramu 4. Ule mchuzi wenye mbegu kumi ndani si kipimo. Na ukila nyingi utajua mwenyewe: tumbo linajaa hewa, unaharisha, na jasho linaanza kunuka kitu kama sukari iliyoungua. (Vijana munaocheka, jaribuni.)

Nani asitumie uwatu kama dawa? Mwenye mimba, kwa sababu kwa kiasi kikubwa unaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Kuonja kwenye chakula si neno. Anayekunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, kama warfarini. Mtu ambaye mwili wake unakataa karanga au dengu awe mwangalifu, kwa sababu uwatu ni jamaa ya hizo. Na ule ute unaweza kuchelewesha vidonge kuingia mwilini, basi acha saa moja au mbili kati ya uwatu na dawa nyingine.

Habasoda. Watu husema inaponya kila kitu isipokuwa kifo, na mimi sitaingia katika mambo ya dini ya mtu. Kuhusu sukari, kuna jaribio la Saudia lililotolewa mwaka 2010, kwa wagonjwa 94. Waliopewa gramu 2 kwa siku, sukari yao ilishuka vizuri. Kuongeza hadi gramu 3 hakukuongeza faida. Lakini sikilizeni kipande ambacho wauzaji hawakisemi: wagonjwa wale waliendelea kunywa vidonge vyao. Habasoda iliongezwa juu ya dawa. Ile karatasi ambayo watu wanaionyesha sokoni kama ushahidi wa kuacha vidonge inasema kinyume chake.

Mlonge, au moringa, nasema wazi: majani ni mboga nzuri sana, kaangeni, changanyeni na lenga-lenga, wapeni watoto. Mbegu zake zikisagwa zinasafisha maji machafu, tope linashuka chini, hilo ni kweli na limejaribiwa miaka mingi, ingawa maji hayo bado yachemshwe. Lakini kutafuna mbegu tano asubuhi na tano jioni kwa ajili ya sukari, ushahidi wake kwa watu ni mdogo mno. Zinachafua tumbo, na mtu anayetapika na kuharisha huku anakunywa dawa ya sukari yuko hatarini.

Mbegu za papai na kokwa la avoka lililokaushwa na kusagwa: hakuna kipimo kilichothibitishwa kuwa salama na chenye faida kwa mgonjwa wa sukari. Msitoe franga zenu hapo.

Kuna mbegu nyingine sijaitaja, na ndiyo iliyo na ushahidi mzuri kuliko zote upande wa kolesteroli. Haina jina la Kiarabu wala la Kilatini. Haivuki ziwa. Ni maharage.

Naona munanong'ona. Haragwe ni mbegu, au sivyo? Mwaka huo huo wa 2014, watafiti wa Kanada walikusanya majaribio 26, watu zaidi ya 1,000. Waliokula kila siku kama gramu 130 za maharage, dengu au mbegu za jamaa hiyo, zilizopikwa, ile kolesteroli mbaya ilishuka asilimia 5. Gramu 130 ni kama kikombe kimoja cha chai kilichojaa, siyo sufuria nzima. Na upande wa sukari, ukipunguza nusu ya bonge la ugali wa muhogo na mahali pake ukaweka maharage na ndagala, namba yako baada ya kula haitapanda kama ilivyokuwa. Muhogo ni wanga karibu mtupu. Haragwe lina wanga, lakini lina protini na zile nyuzi laini kama za uwatu, na wanga wake unatoka taratibu.

Najua mtasema: lakini mtaalamu, maharage tunakula tangu tuzaliwe, na kambini tulikula mpaka tukachoka, mahindi na mbaazi za mgao kila siku ya Mungu. Ni kweli. Kuna watu hapa wakiona mbaazi za njano bado wanageuza uso. Lakini mwangalie sahani ya leo: mlima wa ugali, na maharage kijiko kimoja pembeni yanaelea katika mawese. Mimi naomba mlima ubadilike.

Na mbika, mbegu za maboga, musiziache pia. Nusu ya uzito wake ni mafuta, na mengi ni ya aina nzuri kwa moyo. Ila ni chakula chenye nguvu nyingi, mtu mnene asile kikapu kizima akisema ni dawa.

Kwa kuwa nimetaja mawese, niseme tu kwa kifupi, kwani najua niko Fizi na kuna watu humu wamesomesha watoto kwa michikichi. Mawese mekundu yana vitamini A na watoto wanayahitaji. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, na aina hiyo ndiyo inayopandisha kolesteroli mbaya. Sombe ipikwe kwa mawese, ndiyo, ila ikipakuliwa mafuta yasisimame juu kama ziwa. Kolesteroli haiumi, haina kiu, haina kizunguzungu chake. Anayekuambia sokoni "una kolesteroli, naona kwenye macho" anakudanganya. Inajulikana kwa damu maabarani tu, na hapa kwetu kipimo hicho si cha karibu. Mwenye sukari au tansio ajihesabu tayari kwamba moyo wake unahitaji ulinzi, apunguze mafuta na chumvi, aache sigara, hata kabla hajapata kipimo hicho.

Sasa hatari. Hapa naomba simu ziwekwe chini.

Hatari ya kwanza ni kuacha dawa. Waliokuwa Tanzania mwaka 2011 mnakumbuka kikombe cha Samunge, kule Loliondo, shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Watu wa sukari, wa tansio, wa virusi vya ukimwi walikwenda, na wengine waliporudi waliacha vidonge kwa sababu walijisikia vizuri. Kujisikia vizuri si kipimo. Sukari ya 250 unaweza kutembea nayo sokoni, ukacheka, ukalima, mpaka siku kidonda cha mguuni kinakataa kupona.

Na mtoto ni jambo tofauti kabisa. Mtoto au kijana anayekonda haraka, anakunywa maji kama aliyetoka jangwani, anakojoa kitandani wakati alishaacha, pumzi yake inanuka kama tunda lililooza, huyo anahitaji insulini. Metformini haitamtosha, uwatu haumhusu, na maombi yafanyike mukiwa kwenye piki mukielekea hospitali. Kabla ya insulini kugunduliwa watoto hao walikufa wote. Wa kwanza kudungwa alikuwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Januari 1922. Kuanzia hapo hakuna sababu ya mtoto kufa kwa hilo, ila umbali na umaskini, na kucheleweshwa. Umbali hatuwezi kuuondoa leo. Kuchelewesha tunaweza kuacha.

Hatari ya pili ni kinyume chake, sukari kushuka mno. Wengi hapa wanakunywa glibenklamidi, kile kidonge kidogo. Hicho kinalazimisha mwili kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Ukiongeza uwatu juu yake, ukaongeza habasoda, kisha ukakosa chakula cha mchana, unaweza kuanguka. Na sisi huku tuna desturi ya kufunga kwa maombi, siku moja, siku tatu. Sisemi musifunge. Nasema: mchungaji na imamu wajue ni nani katika watu wao anayekunywa glibenklamidi, na mtu huyo amuulize muuguzi kabla ya kufunga, siyo baada ya kuanguka. Nimekuta mama mmoja amelala chini ya ukumbi wa maombi, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki, watu wamemzunguka wanakemea pepo. Bahati kulikuwa na chai ya sukari jirani, na bado alikuwa anaweza kumeza.

Dalili mujifunze: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hasira zisizo zake. Akiwa bado anameza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini ya 70 rudia. Akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mumbebe kituoni. Na aliyeanguka kwa glibenklamidi, hata akiamka, apelekwe, kwa kuwa kidonge hicho hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Ya tatu ni mifuko na vidonge vya "miti shamba tupu" vinavyopita hapa bila jina la aliyetengeneza. Singapore, mwaka 2008, watu 150 waliingia hospitali kwa sukari kushuka mno, na 4 wakafa. Wengi hawakuwa hata na ugonjwa wa sukari. Walikuwa wamekunywa dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa bila kibali, nyingine zikiitwa za asili. Ndani yake ilikutwa glibenklamidi. Kwa hiyo unga "wa asili" unaoshusha sukari yako kutoka 300 hadi 90 kwa siku mbili, usiushangilie. Uulize umewekewa nini.

Turudi kwenye kasha.

Bandelete zinauzwa kwa kopo, mara nyingi 50. Ukishafungua kopo, aina nyingi huharibika baada ya miezi 3, nyingine 6, hata kama zimebaki. Hazipendi joto wala unyevu. Mgonjwa mmoja anayejipima mara mbili kwa mwezi, kwa miezi 3 anatumia 6. Nyingine 44 zinamharibikia kabatini, na pesa yake imekwenda. Ndiyo maana watu binafsi hawanunui, na mimi siwalaumu. Lakini watu 8 wakipima pamoja mara mbili kwa mwezi, kwa miezi 3 wanatumia 48. Kopo linakwisha kabla ya kuharibika! Jambo ambalo mtu mmoja haliwezi kwa hesabu yenyewe, kundi la watu 8 linaliweza. Sijui kama kuna mfano mzuri zaidi wa kwa nini tuliunda chama.

Kwa hiyo napendekeza kasha linunue mashini mbili za aina moja, ile ambayo bandelete zake zinapatikana Uvira au Bukavu mwaka mzima, na makopo kufuatana na idadi ya wagonjwa waliojiandikisha. Sindano za kutoboa kidole ni za mtu mmoja, mara moja, kisha zinatupwa katika chupa ngumu. Hatutaki kuponya sukari na kugawa maambukizi. Kila mgonjwa awe na daftari: tarehe, namba, amekula nini, amekunywa dawa gani. Daftari hilo ndilo atampelekea muuguzi. Muuguzi akiona namba za miezi 3 anajua kuongeza dawa au kupunguza, asipoziona anabahatisha.

Kwa wafadhili naomba kwa heshima, na najua mnatoa kwa upendo. Musitutumie mashini kutoka huko bila kuuliza. Katika kabati la ofisi yetu kuna mashini nzuri kabisa ambazo hazina kazi, kwani kila mashini inakula bandelete za aina yake tu, na za aina hizo hapa haziuzwi. Pesa ya kununua bandelete hapa hapa, kila baada ya miezi 3, inatufaa kuliko sanduku moja kubwa mara moja. Vidonge vilivyobaki vya marehemu au vilivyopita tarehe, tafadhali sana, hapana.

Na mama zetu wanaouza mbegu? Kuna mwanachama hapa, mjane, anauza uwatu na habasoda, na karo ya watoto inatoka hapo. Mtu aliniambia jana: ukisema hivyo unaua biashara yake. Nilizungumza naye kabla ya mkutano huu na ameniruhusu nilitaje. Aendelee kuuza! Auze kama kiungo cha chakula, safi, zilizopepetwa, bila mchanga. Kitu kimoja tu kibadilike: maneno. Asiseme "inaponya sukari". Aseme "inasaidia, endelea na dawa yako, na ukaipime". Chama kikitaka kumsaidia, kimkopeshe mtaji kwa jina la biashara, kama kinavyowakopesha wauza ndagala. Lakini mkopo wa biashara na pesa ya wagonjwa visikae katika daftari moja.

Anayetaka kujaribu uwatu nyumbani, naye nimpe njia. Pima asubuhi kabla ya kula kwa siku tatu, andika. Anza na kijiko kimoja cha chai, kilicholowekwa usiku, ule pamoja na chakula. Usibadilishe vidonge. Baada ya wiki mbili pima tena siku tatu. Ikiwa imeshuka, nenda kwa muuguzi na daftari, yeye ndiye atapunguza dawa kama inafaa. Ikiwa haikushuka, umepoteza pesa kidogo na umejifunza jambo juu ya mwili wako. Anayekunywa glibenklamidi au insulini aongee na muuguzi kabla ya kuanza, na wakati wote awe na sukari mfukoni.

Komite itapiga kura baada ya chakula, mimi sina kura. Mashini iko pale mezani, na muuguzi wa kituo amekuja. Wale 8 niliowaomba wasile tangu jana usiku, tafadhali wapite kwanza, mzee wetu wa safu ya mbele atangulie, kisha wapewe chai. Isiyo na sukari nyingi, mama Jikoni, nakuona.